Anzia Dirishani
Mhadhara kwa vijana wa Kigali wanaoingia katika kazi za biashara na fedha



Nimeombwa nizungumzie namna kijana aliyehitimu anavyoweza kujenga maisha ya kazi katika biashara na fedha. Nina neno moja kubwa, na muda uliobaki nitautumia kulieleza. Kazi ya kwanza iliyo bora kwenu ni ile inayowaonyesha pesa tangu inapoingia hadi inapotoka. Kazi hiyo, hapa Rwanda, kwa sehemu kubwa haipo kwenye maghorofa ya vioo ya katikati ya mji. Ipo kwenye dirisha la sacco ya umurenge, kwenye duka la jumla la Quartier Matheus, kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na kwenye ofisi ndogo ya uhasibu yenye meza tatu kule Remera.

Simlaumu anayetamani benki kubwa. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome chuo kikuu angependa kumwona na kitambulisho cha benki kifuani, na mwana mwenyewe ana deni la mkopo wa masomo, ule ambao tangu 2016 unasimamiwa na Benki ya Maendeleo, BRD. Mambo haya yana uzito wake. Lakini tutazame kinachomngoja yule aliyepata alichokitamani. Benki kubwa imegawa kazi vipande vipande, na kwa ukubwa wake haina njia nyingine. Mmoja anafungua akaunti, mwingine anapokea maombi ya mkopo, wa tatu anathamini dhamana, wa nne yuko makao makuu anaidhinisha, wa tano anafuatilia wasiolipa. Kijana akiwekwa kwenye kipande kimoja miaka mitatu, anatoka akiwa hodari wa kipande hicho. Hajawahi kuona mkopo aliouandika yeye ukilipwa mpaka faranga ya mwisho. Aliyeshindwa kulipa hamjui kwa sura, wala hajui kilichomshinda.

Sasa chukueni sacco. Nchi yetu ina imirenge 416, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, na kila mmoja ulianzishiwa Umurenge SACCO wake. Mpango huu ulitokana na mazungumzo ya kitaifa ya Umushyikirano ya mwishoni mwa 2008, na ulikuwa na sababu. Miaka miwili kabla, mwaka 2006, Benki Kuu ilifunga taasisi kadhaa za mikopo midogo zilizoshindwa kuwarudishia watu amana zao. Waliolia walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wameshawishika, pengine kwa mara ya kwanza maishani, kutoa pesa kwenye chungu cha nyumbani na kuzikabidhi kwa mtu aliye nyuma ya dirisha. Wateja hawakukosekana katika taasisi zile. Kilichoziangusha ni uongozi mbovu, mikopo isiyorudi, na hesabu ambazo hakuna aliyezifunga sawasawa. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2006 habari zilifika, ila zilifika baada ya mali kwisha.

Ndiyo maana nawaambia kwamba mnaingia katika kazi ya kutunza mali za watu. Mengine yote, yaani mikakati, masoko, uwekezaji, hata cheo kirefu kilichoandikwa chini ya jina lako kwenye barua, yanasimama juu ya hapo.

Nitawaeleza siku moja ya dirishani jinsi nilivyoiona mara nyingi nilipokuwa nikikagua. Asubuhi kasha la fedha linafunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake. Fedha za kuanzia siku zinahesabiwa, zinaandikwa, zinatiwa saini. Nje foleni imeshapangwa: mama anayelipwa na VUP, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mzee aliyeleta pesa za maziwa, kijana wa pikipiki anayelipa rejesho la mkopo, karani wa ushirika wa kahawa anayeulizia kama malipo ya wakulima yameingia. Kila mmoja ana kijitabu mkononi, na kila kinachoandikwa humo lazima kiandikwe pia kwenye vitabu vya sacco. Jioni mlango unafungwa. Noti zinapangwa mafungu, za elfu tano, za elfu mbili, za elfu moja, za mia tano, kisha sarafu. Jumla inalinganishwa na daftari la fedha. Haikubali. Zimepungua faranga 18,000.

Hapo ndipo masomo yanapoanza. Asiye na uzoefu atahesabu noti upya mara nne, ataanza kutazamana na mwenzake kwa mashaka. Mhasibu aliyekomaa anagawanya 18,000 kwa 9, anaona haibaki kitu, na papo hapo anashuku kwamba kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Anapitia hati za siku nzima akitafuta hilo tu. Anaikuta: mteja aliyeweka 46,000 ameandikiwa 64,000. Hakuna mwizi. Ni mkono uliochoka saa nane mchana. Lakini lau kosa hilo lingelala pale, mteja mmoja angekuwa na haki ya pesa ambazo hazipo, mtunza fedha angekatwa mshahara kwa dhambi isiyo yake, na hesabu ya kasha ya mwisho wa mwezi ingekataa bila mtu kujua pa kuanzia.

Kwa miaka mingi sacco hizi zilifanya kazi hiyo kwa vitabu vya karatasi. Mifumo ya kompyuta ilipoingia wengi walidhani uhasibu umerahisishwa kiasi kwamba mhasibu si kitu tena. Naomba msiamini hivyo. Kompyuta inapokea 64,000 kwa urahisi uleule inavyopokea 46,000, na wala haitaulizia hati. Anayejua kwa nini leja ina pande mbili ndiye atakayeituma kompyuta. Mwingine atatumwa nayo.

Somo la pili la dirishani ni mkopo. Darasani mmefundishwa mtiririko wa fedha kwa jedwali. Ofisa mikopo wa sacco anaukuta ukiwa na miguu. Mkulima wa viazi wa Musanze ukimwandikia marejesho ya kila mwezi, umemfilisi kwa mkono wako, kwa kuwa mwezi wa pili shambani mwake pana majani tu, na ili akulipe atakopa kwa jirani au atauza mbegu. Huyo umpe muda mpaka avune. Mkulima wa kahawa pesa yake inakuja msimu wa mavuno, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa sita au karibu na hapo, kisha kimya. Mfugaji anauza maziwa kila siku, basi anaweza kulipa kidogo kidogo hata kwa wiki. Seremala wa Agakiriro ka Gisozi ana maagizo mengi kabla ya shule kufunguliwa na kabla ya harusi za kiangazi, na miezi mingine anapiga randa mbao za akiba. Watu wanne, mkopo wa kiasi kilekile, ratiba nne. Kijana aliyekaa miaka miwili akipanga ratiba kama hizo, akaenda mwenyewe kuona shamba na ng'ombe, akarudi kumdai mtu aliyemjua, huyo ukimpeleka makao makuu ya benki yoyote atasoma faili la mkopo kwa namna ambayo mwenzake wa ghorofani hawezi.

Hapa Kigali tuna mfano wa zamani wa mtu aliyeifuata njia hiyo kwa kusudi. Jacqueline Novogratz, Mmarekani, alianza kazi katika benki ya Chase Manhattan huko New York, akikagua mikopo ya benki hiyo katika nchi mbalimbali. Kazi kama hiyo wengi wenu mngeipokea kwa vigelegele. Aliiacha, akaja Kigali, na mwaka 1987 akashirikiana na wanawake wa Rwanda kuanzisha Duterimbere, taasisi ya kuwakopesha wanawake. Kumbukeni wakati wenyewe. Mke aliyetaka kufanya biashara au kufungua akaunti alihitaji idhini ya mumewe, na hali hiyo ilidumu mpaka sheria zilipobadilishwa, ile ya mirathi na mali ya wanandoa ya mwaka 1999 ikiwa kubwa kuliko zote. Novogratz aliwakuta kina mama wa Nyamirambo waliokuwa na mradi wa mikate na maandazi uliokuwa ukiishi kwa msaada. Hakuanza kwa hotuba. Alifungua hesabu, akaona kwamba fedha za wafadhili zinazoliwa na mradi zinapita kile kinachowafikia kina mama wenyewe. Kisha wakaanza kazi ngumu ya kuandika kila andazi lililotoka na kila faranga iliyorudi, na kutafuta wateja maofisini. Kiwanda kile hakikuendelea baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Duterimbere ipo hadi leo. Naye Novogratz, aliyeanzisha mfuko wa Acumen mwaka 2001 na kuwekeza katika nchi nyingi, amekuwa akieleza aliyojifunza hapa.

Wapo watakaonijibu kwamba walioko juu hawakupita dirishani. Watanitajia Dkt. Diane Karusisi, aliyeshika uongozi wa Bank of Kigali mwaka 2016, na Soraya Hakuziyaremye, aliyeteuliwa Februari 2025 kuwa gavana wa Benki Kuu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Wote wawili walifanya kazi kwenye mabenki ya Ulaya. Ni kweli. Ila tazameni Karusisi alikopitia baada ya kurudi: alifanya kazi katika Taasisi ya Takwimu ya Taifa, mahali ambapo nchi inahesabiwa kaya kwa kaya, nani ana ng'ombe, nani ana simu, nani anaweka akiba wapi. Mtu aliyekuwa na picha hiyo kichwani kabla ya kukabidhiwa benki kubwa kuliko zote nchini aliijua pesa ya Mnyarwanda inakotoka. Mlango wake ulikuwa mwingine, lakini alichokiona ndani ni kilekile ninachowataka mkione.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikubali mwaliko huu. Mtaombwa kutia saini uongo. Sisemi labda. Katika miaka mitano ya kwanza, karibu kila mtu wa fedha ataletewa karatasi ambayo moyo wake unaikataa, na atakayeileta mara nyingi ni mkubwa wake, mwenye tabasamu, mwenye haraka.

Nitawapa sura inayojirudia kuliko zote ili mkiiona mwitambue. Mkopo wa benki ukipita siku 90 bila kulipwa, kanuni zinataka uhesabiwe mkopo chechefu, na benki itenge fedha kufidia hasara. Faida inapungua, meneja wa tawi anaulizwa maswali. Basi siku ya 85 mteja anaitwa. Anapewa mkopo mpya, mkubwa kidogo kuliko wa kwanza, na mkopo huo mpya unalipa ule wa zamani. Kwenye vitabu kila kitu kimenyooka: deni la zamani limelipwa, deni jipya ni changa. Hali halisi ni kwamba hakuna hata faranga moja iliyoingia, na deni limekua. Miezi mitatu baadaye linafanywa tena. Nilipokuwa mkaguzi mchanga nililikuta jambo hili mahali fulani ambapo sitapataja, na mteja mwenyewe alikuwa jamaa wa mmoja wa wakubwa. Ofisa mikopo aliyeandika karatasi zile alikuwa kijana wa umri wenu. Saini zote zilikuwa zake. Wakubwa walikuwa wametoa maagizo kwa mdomo.

Huyo kijana ndiye aliyeulizwa, na ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo shikeni utaratibu huu. Ukipewa agizo usiloliamini, omba kwa adabu liandikwe. Sema: "Bosi, naomba unitumie hilo kwa barua pepe ili niliambatanishe kwenye faili." Maagizo mengi mabaya hufia hapo, kwa kuwa mtoaji hataki mkono wake uonekane. Likiandikwa na bado ni baya, andika maoni yako kwa sentensi tatu au nne zisizo na hasira: nimeona hili na hili, kanuni inasema hivi, napendekeza vile. Weka nakala. Usimtangaze mtu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Nenda kwa mkaguzi wa ndani au kwa mtu wa uzingatiaji wa kanuni, maana ndiyo kazi anayolipwa. Sheria ya kupambana na rushwa ya Agosti 2018 ni kali, na usitegemee utetezi wa kwamba nilitumwa na mkubwa. Na kama mahali penyewe pameoza kiasi kwamba kila mwezi ni vita, ondoka ukiwa bado na jina lako. Mji huu ni mdogo. Watu wa fedha wa Kigali wanajuana, wanakutana kwenye harusi na kwenye misa, na jina la mtu linafika kwenye usaili kabla ya mwenyewe.

Kwenye vyeti vya taaluma sitakawia. Taasisi ya wahasibu wa Rwanda, iCPAR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na tangu ianze kutoa mitihani yake kijana wa hapa anaweza kuifanya mitihani ya uhasibu ya CPA bila kuhama nchi. Zamani ilibidi kwenda kuitafuta Nairobi au Kampala. Anza ukiwa bado chuoni, au mwaka wa kwanza wa kazi, kabla ndoa na ujenzi havijakubana. Anayeona CPA ni mlima aanze na CAT, cheti cha hatua ya chini yake. Shahada ya chuo inasema ulifundishwa. Cheti cha taaluma kinampa mtu haki ya kukushtaki kwa wenzako ukikosea, na kwa mwenye pesa hilo lina thamani kubwa.

Lugha je? Mbele ya mteja utatumia Kinyarwanda, na ukijue kwa ufasaha, maana kuna vijana waliosoma vizuri ambao hawawezi kumweleza bibi kizee riba ni nini. Ripoti utaandika kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia tangu mageuzi yaliyotangazwa 2008. Mikataba ya zamani na barua za makampuni kadhaa utazisoma kwa Kifaransa. Nacho Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi mwaka 2017, msikidharau mkidhani ni cha soko la Nyamirambo peke yake. Mzigo wa mfanyabiashara wa Kigali unashuka bandarini Dar es Salaam, unapita Rusumo, na kila anayeugusa njiani, wakala wa forodha, dereva, mwenye ghala, anazungumza Kiswahili. Upande wa Rubavu, biashara na Goma hufanyika kwa Kiswahili tangu alfajiri hadi mpaka ufungwe. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, benki inayotaka wateja wa upande ule inahitaji maofisa wanaoweza kukaa na mfanyabiashara wa Goma wakaelewana juu ya bei, dhamana na siku ya malipo. Kenya imetuletea mabenki yake: Equity iliingia 2011 na baadaye ikainunua Cogebanque, KCB ikaichukua Banque Populaire mwaka 2021, na I&M ilikuwa imeshaingia katika benki iliyoitwa zamani Banque Commerciale. Mwenye lugha zake nne anaweza kuajiriwa Kigali akapandishiwa cheo Nairobi.

Soko la hisa linawavutia wengi wenu, na maswali yaliyotumwa kabla ya kikao mengi yanahusu hilo. Niwe mkweli. Soko letu lilifunguliwa rasmi Januari 2011 kwa hisa za Bralirwa, na mwaka uleule Bank of Kigali ikafuata kwa faranga 125 kwa hisa. Ni soko lililoendeshwa kwa uangalifu, lakini kampuni zilizoorodheshwa bado ni chache na madalali ni wachache. Ajira zake zinahesabika kwa vidole. Kituo cha kimataifa cha fedha cha Kigali, kilichoanza 2020, kinaongeza nafasi, hasa kwa wanaojua sheria, usimamizi wa mifuko na uzuiaji wa utakatishaji fedha. Anayetaka kuingia huko asisubiri tangazo. Taarifa za fedha za mwaka za BK Group na MTN Rwandacell ni za umma. Zisome zote mbili, mizania, faida, maelezo ya nyuma yenye herufi ndogo, kisha andika kurasa mbili kueleza ni kampuni ipi ungeinunua na kwa nini. Kurasa hizo ukizipeleka kwa dalali wa hisa zitasomwa kabla ya wasifu wako. Na ukiweza kukusanya faranga 100,000, hicho ndicho kiwango cha chini cha kununua hatifungani ya serikali. Nunua moja. Utaijua riba ya miezi sita kwa kuipokea.

Kuhusu pesa yenu wenyewe nina maneno machache lakini nayasema kwa uchungu. Kila mwaka nawaona vijana wa fedha walioharibikiwa kwa madeni madogo ya simu. Tangu MoKash ianze 2017, mtu anaweza kukopa akiwa kitandani, na akakopa tena kulipa mkopo wa jana. Mikopo hiyo inaandikwa kwenye kumbukumbu za wakopaji, na benki inayotaka kukukabidhi funguo za kasha ina haki ya kuuliza unavyolipa ya kwako. Mshahara wa kwanza utakuwa na wenyewe wengi: wadogo zako, shangazi, mchango wa harusi ya mtu uliyesoma naye. Msiwakatae wazazi. Lakini kaeni nao mwezi wa kwanza, wekeni kiasi, kijulikane. Ingieni kwenye ikimina, chama cha akiba chenye watu mnaowajua, na kiasi kidogo kipelekeni Ejo Heza, mpango wa akiba ya uzeeni, au kwenye mfuko wa uwekezaji wa Iterambere kabla hakijafika mfukoni.

Na kama kazi haijapatikana? Usikae nyumbani ukituma barua mia. Pale mtaani kwenu kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye saluni tatu, mwenye magari mawili ya mizigo. Kila mmoja anatakiwa kutoa risiti za kielektroniki za EBM, kutangaza VAT kufikia tarehe 15 kama amesajiliwa nayo, na kodi ya mapato kufikia mwisho wa Machi, na wengi wanayafanya hayo usiku wa mwisho wakiwa na mfuko uliojaa karatasi. Mwombe mmoja akuachie mfuko huo. Upange kwa tarehe, mauzo upande wake na manunuzi upande wake, umwonyeshe mwezi gani alipata faida na mwezi gani alikula mtaji. Mwezi wa pili atakulipa, hata kama ni kidogo. Mwezi wa nne atalitaja jina lako kwa mwenzake. Nawajua vijana walioanza hivyo na leo wana ofisi zenye wafanyakazi. Mpango wa kitaifa wa mafunzo kazini nao upo kwa ajili yenu, uombeni, na mkiulizwa mnataka kupelekwa wapi, andikeni wilaya. Andikeni Nyamagabe, andikeni Kayonza. Kigali itawangoja.

Mameneja wa sacco na wa mabenki mliokaa safu ya mbele, neno la mwisho ni lenu. Vijana hawa wakija kwenu msiwape kazi ya kupeleka chai na kupiga nakala kwa miezi mitatu kisha mkawaandikia cheti. Wapeni meza karibu na dirisha. Waacheni wafunge hesabu za siku pamoja na mtunza fedha, wabaki mpaka zikubali, waende shambani na ofisa mikopo, waone mkopo mmoja tangu ombi mpaka rejesho la mwisho. Mwaka huu kila mmoja wenu achukue wawili. Orodha ya majina iko mlangoni, na wengi wao wako tayari kuanza Jumatatu.